Fremu imekula jina la mchoraji wetu wa Mtera

Mhariri, mbukwenyi, na poleni na majukumu.

Nimesoma gazeti lenu la Jumapili iliyopita, ile makala iliyosema Dodoma ukishatoa ngoma za Wagogo na zabibu basi sanaa nyingine hamna, na mtu akitaka picha ya maana ya kuweka ukutani inabidi apande treni ya umeme aende Dar akanunue. Nimeisoma mara mbili nikiwa mezani kwangu hapa soko la Majengo, mteja kaniita mpaka kachoka sijamsikia, kwa sababu yale maneno yameniuma. Kwenye ngoma mwandishi wenu kasema kweli kabisa, marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, aliitoa ilimba na zeze ya kwetu akaifikisha Ulaya na mpaka leo ukienda Chamwino utakuta watoto wanajifunza, hilo halina ubishi. Ila kwenye picha hajafika kuangalia. Angeshika barabara ya Iringa, kilometa kama 120 tu, angefika Mtera, na pale kuna mtu anachora samaki na ndege na wanyama wa bwawani kwa namna ambayo mimi ninayeshika samaki kila siku ya Mungu sijaona mwingine anachora hivyo.

Mimi nauza samaki, perege na kambale wa Mtera, jumla na rejareja, miaka mingi sasa. Huyo mchoraji ni baba yangu mdogo, yeye na marehemu baba ni tumbo moja, nalisema mapema asije mtu akasema nimeficha undugu. Jina lake siliandiki na sababu yake mtaiona huko mbele.

Baba mdogo hajasomea kuchora popote. Alikuwa mvuvi, kaanza kuvua miaka ile ya mwanzo ya 1980 bwawa likiwa bado geni, watu wanatoka kila upande kuja kutafuta maisha. Sasa mtumbwi lazima uwe na namba ya usajili ubavuni, na mwenye mtumbwi naye anataka uwe na jina, na kwa kuwa baba mdogo alikuwa na mwandiko mzuri tangu darasa la nne wenzake wakawa wanamletea yeye. Subira Yavuta Heri, Hasidi Hana Sababu, Radhi ya Mama, yote hayo kayaandika yeye, upande wa Dodoma na upande wa Iringa, na hela yake ilikuwa samaki wawili watatu au soda. Baadaye wakaanza kumwambia weka na kitu pembeni ya jina, akaweka kambale, mwingine akataka furukombe, mwingine akataka jicho. Ndo akaanza hivyo. Mtumbwi ukizeeka ukioza chini wenyewe wanauchana kuni, yeye anapita anaomba zile mbao za ubavuni ambazo bado ni nzima, anazipiga msasa kidogo tu, hazimalizi, anaacha kovu la maji na kovu la kamba pale nyavu zilipokuwa zinavutwa, kisha anachora juu yake kwa rangi ileile ya mafuta ya kupakia mitumbwi.

Yale matundu ya misumari hayazibi. Kwanza anaushika ubao anaukalisha kwenye magoti anauangalia, anaweza kukaa nao hata siku tatu anaugeuzageuza, mpaka aone tundu lipi litakuwa jicho. Yani samaki anaanzia kwenye jicho, na jicho ni tundu la msumari uliokuwa umeshika mtumbwi wa mtu, ukilisogelea utaona bado lina kutu pembeni na ile kutu ndo inalifanya jicho liwe kama linakuangalia. Mimi nikimuona samaki mbichi cha kwanza naangalia jicho, likiwa na ukungu simnunui. Samaki wa baba mdogo wote macho yao ni ya samaki aliyetoka majini saa hiyo hiyo.

Na kambale wake, Mhariri, naomba niseme kuhusu kambale. Kambale ana ndevu nane. Watu wengi wanamla maisha yao yote hawajawahi kuzihesabu, na wachoraji wengi wanamuwekea ndevu mbili kama paka, nimeona hata kwenye mabango ya mahoteli. Ana mbili fupi juu karibu na pua, mbili ndefu zinatoka pembeni mwa mdomo, na nne chini ya kidevu, na zile ndefu akiwa kwenye tope ndo anapapasia njia kwa sababu maji ya tope hayaonyeshi kitu. Baba mdogo anaziweka zote nane, kila moja na uelekeo wake, hakuna ubao hata mmoja niliomkuta kapunguza. Kambale hana magamba, sasa ule utelezi wa ngozi unauchoraje? Anapaka nyeusi kwanza, ikikauka anapaka kijani iliyochanganywa na kahawia, halafu kabla haijakauka vizuri anachukua kitambaa chenye mafuta ya taa anafuta kwa vidole viwili kutoka kichwani kwenda mkiani, mara moja tu bila kurudia, na hapo ule weusi unatokea chini unang'aa kama ngozi yenye maji. Nilimuona akifanya hivyo mchana mmoja chini ya mti, mama mdogo anamuita aje kula ugali anamjibu subiri rangi itakufa.

Mimi kwetu ni Bahi, nimekulia pale, na Bahi mbuga ikikauka tulikuwa tunamchimba kambale kwenye tope na majembe, unamkuta hai kabisa, kwa sababu kambale anavuta hewa ya juu kama sisi na anaweza kutambaa kwenye tope usiku akitafuta maji mengine. Nilimsimulia baba mdogo siku moja, yeye mtu wa bwawa hakuwa amewahi kuona hilo. Miezi miwili mbele nikakuta kachora ubao mrefu, tope limepasukapasuka vipande vipande mpaka mwisho, na kambale mmoja mdogo katikati anatambaa kuelekea ukingoni ambako hakujachorwa kitu, ni mbao tupu. Ule ubao siuzi. Uko chumbani kwangu.

Kuna mwingine wa perege. Perege jike akishataga anayachukua mayai anayaweka mdomoni, anakaa nayo humo mpaka yanaanguliwa, na hata vitoto vikishaanza kuogelea vikiona hatari vinarudi haraka mdomoni mwa mama yao. Kipindi chote hicho mama hali vizuri. Wavuvi wanalijua hilo kwa sababu akinaswa kwenye nyavu anatema, unakuta mtumbwini vitu vidogo vidogo vinarukaruka miguuni kwako na havina msaada tena. Baba mdogo kamchora huyo mama, mdomo umefunguka kidogo na ndani unaona vijicho, vidoti vyeusi tu kila kimoja na nukta nyeupe, na nje kuna vingine vinne vitano vinawahi kuingia. Nilipouleta sokoni wateja wakawa wanauliza kwani anakula watoto wake? Nikawa naeleza, kila mtu namuelezea upya, na mama mmoja aliyekuja kununua perege wa elfu kumi alisimama pale muda mrefu sana kisha akasema niwekee huo ubao nitakuja mwisho wa mwezi, na kweli alikuja. Mwingine wa namna hiyohiyo kautundika mwaloni pale vijana wanapokaa kushona nyavu, hajaandika neno hata moja, kautundika tu. Na wale wanaotumia makokoro na nyavu za macho madogo madogo wanakaa pale pale chini yake kila siku.

Sasa wanyama. Mtera ina viboko na mamba, kila mtu anayepita pale anaambiwa asisogee majini hovyo. Wageni wakija wanataka kiboko mzima kaachama mdomo meno nje, na hela wanayo, ila baba mdogo hamchori hivyo. Kiboko wake ni masikio mawili, macho mawili na pua juu ya maji, na nyuma ukungu wa alfajiri, basi, ndivyo mvuvi anavyomuona akiwa na bahati. Nilimwambia baba mdogo, wape wanachotaka, hela ni hela. Akaniambia, "Mwanangu, ukishamuona kiboko mzima ukiwa mtumbwini ujue umeshachelewa, mimi nitamchoraje huyo?" Sikumjibu, maana najua wenzake alivua nao ambao hawakurudi.

Ndege ndo anawapenda zaidi. Pale bwawani kuna miti iliyokufa imesimama majini, ni ile iliyokuwepo kabla maji hayajaja ikazama ikafa lakini haijaanguka, myeupe imebaki kama mifupa, na asubuhi mnandi wanajaa juu yake wametandaza mabawa wanayakausha jua. Anachora ile miti kwenye mbao za kusimama, nyembamba, ndefu kama mlango uliopasuliwa, na mnandi mmoja tu kule juu kabisa. Mdiria naye anamchora akiwa amesimama hewani, mabawa yanapiga, mdomo unaangalia chini, ile sekunde kabla hajajitupa. Kwenye ubao mmoja kamuweka mdiria juu kabisa na kivuli cha samaki chini kabisa na katikati hakuna kitu, ni ubao na lile kovu la kamba, na ukikaa nao unaanza kusikia roho inadunda unasubiri ashuke.

Na kwenye shina la kila mti anaweka mistari ya maji. Hili nataka wasomaji wa mjini walielewe vizuri maana linawahusu. Mtera likijaa kabisa maji yanafika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, yakishuka mpaka mita 690 ndo mwisho wa kuzalisha umeme, na tofauti hiyo ya mita nane na nusu ndo maisha yote ya watu wa pale. Mtambo wa Mtera ni megawati 80 na maji hayohayo yakitoka hapo yanaenda tena kuzungusha mitambo ya Kidatu ambayo ni megawati 204. Na yanatoka wapi? Ruaha Mkuu, kutoka kule Usangu, na huo mto tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Kwahiyo mistari ile kwenye shina sio urembo, kila mstari ni mwaka, baba mdogo anakumbuka maji yalifika wapi mwaka upi. Kuna ubao wa 2006, mwaka wa mgao ule mkubwa wa umeme ambao sisi wa mjini tunaukumbuka kwa mishumaa na majenereta, yeye kauchora kwa mtumbwi uliokaa kwenye tope kavu, umelala upande, na jina lake bado linasomeka ubavuni kwa sababu aliliandika yeye mwenyewe.

Watu wakiziona wanasema hii tingatinga bei gani. Kila picha yenye mnyama siku hizi ni tingatinga, na mimi hilo linanikera. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu, kazaliwa Tunduru mwaka 1932, kaanza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na alifariki 1972, yani miaka minne tu ya kuchora na jina lake leo linajulikana dunia nzima kwa sababu liliachwa pamoja na kazi yake. Namheshimu sana. Lakini rangi za baba mdogo haziwaki vile, ni rangi za bwawa, kijani ya majani ya majini, kijivu ya alfajiri, na ule wekundu wa udongo wetu, na hajazi ubao wote, anaacha nafasi. Kama ni undugu basi ni na wale wa Kondoa. Nilienda Kolo na wanangu, sasa hivi lami mpaka Babati ni safari ya siku moja kwenda na kurudi, tukapandishwa mlimani kwenye yale majabali yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ukaona twiga na pofu na watu wembamba warefu kwa rangi nyekundu kwenye jiwe, wamechorwa na watu waliokuwa wanawinda wanyama haohao kwa hiyo walijua mguu unakunjikaje. Binti yangu akasema mama, hii kama ya babu. Na kweli ni kama ya babu, mnyama mmoja, jiwe lililobaki wazi, na mkono wa mtu aliyemjua huyo mnyama kwa kumtafuta. Kwahiyo mwandishi wenu anaposema Dodoma hakuna picha nashangaa, mkoa huuhuu una picha za maelfu ya miaka.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu, maana ile makala ilikuwa chumvi tu kwenye kidonda ambacho tayari kilikuwepo.

Mwaka juzi hoteli moja hapa mjini, siitaji, iliponunua vitu vya ndani ilichukua mbao nne za baba mdogo kupitia kwangu. Zilikuja kwenye basi juu ya matenga ya samaki, nimezifunga na kanga zangu mbili, konda kanilipisha kama mzigo wa watu wawili. Bei tulipatana, walilipa, kwenye hela sina malalamiko. Baba mdogo alikuwa na furaha kubwa, kanunua mabati. Baada ya kama miezi minne nikapeleka samaki jikoni kwao nikaomba niingie niangalie mbao zetu zimekaaje. Zimekaa vizuri, taa zimewekwa juu, ukutani mapokezi, nikasimama pale na ndala zangu nikafurahi mpaka machozi. Kisha nikasogea. Fundi kaziwekea fremu nene nyeusi, na ile fremu imefunika vidole vitatu kila upande, na baba mdogo jina lake huwa analiandika chini kulia, dogo, kwa ule mwandiko wa mitumbwi. Halipo. Fremu imekula jina kwenye zote nne. Na chini ya picha wameweka kibao cha shaba kimeandikwa "Sanaa ya Tanzania".

Nikamuuliza dada wa mapokezi, mwanangu, hizi kachora nani? Akasema mama hizi zimetoka Dar. Hakunidanganya, yule binti ndivyo alivyoambiwa.

Nikaomba kuonana na mkubwa, nikaeleza kwa adabu, nikaambiwa mama hiyo ni fremu tu, tutaangalia. Hawakuangalia. Mwaka uliofuata ikatoka kalenda, mdiria wa baba mdogo yuko mwezi wa nne, na tisheti za wahudumu zina yule perege na watoto wake mgongoni, na mtu hajaulizwa wala kutajwa. Baba mdogo nilimpelekea ile kalenda mwenyewe kwa sababu niliona bora aione kwangu. Aliishika mbali kidogo na macho, umri umeenda, akaiangalia muda, akasema "Rangi wameipatia." Basi. Akairudisha. Nilirudi Dodoma na basi la jioni na sikuweza kula.

Huyu ni mtu aliyeandika majina ya mitumbwi ya bwawa zima.

Mwanangu wa pili anasoma sheria chuoni, nikamuuliza hili likoje. Akanionyesha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, kwamba aliyechora ana haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake, na haki hiyo haiondoki eti kwa sababu ubao umeuzwa, aliyenunua kanunua ubao hakununua ruhusa ya kuuchapa kwenye tisheti, na ulinzi huo unaenda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo. Tumeshaanza kujaza fomu, nimempigia picha mbao zote zilizobaki kwa simu, mbele na nyuma na pembeni. Wachoraji wengine wa huku kwetu mkisoma hii barua fanyeni hivyo kabla hamjauza, piga picha ubao ukiwa na jina, na kwenye risiti mwandikishe mnunuzi kwamba ameuziwa picha na sio haki ya kuichapa. Sisi tulichelewa kujua.

Na kuna jambo la kuta. Serikali imehamia hapa tangu 2016, Dodoma imekuwa jiji 2018, majengo yanaota kila kona na kila jengo lina kuta. Mimi naingia maofisini, napeleka oda za samaki wa kukaanga za mchana, naziona hizo kuta. Mlima Kilimanjaro, jahazi la Zanzibar, simba wa Serengeti, nyumbu wanavuka mto. Vyote ni vyetu, ni Tanzania, navipenda. Lakini mtumishi aliyehamia hapa kutoka Mtwara au Kagera atajuaje kwamba amehamia mahali penye mnandi kwenye miti mikavu, penye ndege heroe kule jirani Singida, penye kambale anayetambaa kwenye tope la Bahi? Anakaa miaka mitano anasema Dodoma ni vumbi na joto tu. Wekeni ubao mmoja wa Mtera. Mmoja tu, mapokezi, hata wa kambale, aje ahesabu ndevu akiwa anasubiri kuhudumiwa.

Na nyie wa magazeti naomba msikasirike nikisema hili. Mkiandika mechi mnataja mfungaji, aliyetoa pasi na dakika. Mkiweka picha ya mchoro mnaandika "mwananchi akipita mbele ya mchoro wa ukutani jijini Dodoma" na huyo aliyepaka huo ukuta siku sita juani hatajwi. Nimekata vipande vitatu vya namna hiyo kutoka gazeti lenu, ninavyo hapa kwenye droo ya mizani.

Nilimwambia baba mdogo naandika gazetini na nitaweka jina lako, kubwa. Alikataa. Alisema jina lake halikuwekwa kwa ajili ya gazeti, liliwekwa kwa ajili ya ubao, lisomwe kwanza huko. Nimemsikiliza, ni baba yangu. Ila namuomba mhariri atume mwandishi Mtera, sio siku ya kiongozi kupita, siku ya kawaida. Ashuke pale ukuta wa bwawa, aulize mchora mitumbwi, mtoto yeyote atampeleka. Aende asubuhi mapema akaone mnandi wenyewe kwanza ndo aone mbao.

Jumatano hii nimepokea mzigo, perege matenga manne na ubao mmoja. Nimeufungua kanga hapahapa mezani, wenzangu wakaja kuchungulia. Ni bwawa alfajiri, yale masikio mawili ya kiboko kwa mbali, na karibu kabisa mtumbwi mmoja mrefu umechukua ubao karibu wote kutoka pembe hadi pembe. Nikaangalia chini kulia, hamna jina. Nikashtuka, nikageuza nyuma, hamna. Nikarudisha mbele, na yule kijana wa barafu ndo akaniambia mama si hili hapa. Kaliandika ubavuni mwa mtumbwi, katikati ya picha, kwa herufi kubwa nyeupe za namba ya usajili, la kwake na la babu yetu na la kijiji, linaanzia chini ya mguu wa mvuvi linaishia kwenye maji, hata likiwekewa fremu ya mlango halifunikiki.

Ubao uko hapa mezani kwangu Majengo, upande wa samaki wabichi, karibu na mizani. Anayetaka kulisoma aje.

Muuza samaki, Majengo, Dodoma